Kutoka Songwe hadi Dar, angani ni kilomita ngapi?

Nilikuwa field Rujewa, kidato cha tatu, mada ya dunia kama tufe. Mhadhiri aliyekuja kunikagua amekaa nyuma na fomu yake. Nimemaliza mfano wa miji miwili iliyo kwenye longitudo moja, najiona nimeiva. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Madam, ndege ikitoka Songwe kwenda Dar inaruka kilomita ngapi?"

Nikajibu haraka: mia nane na kitu. Darasa likaguna. "Hizo si za basi, Madam?"

Kweli zilikuwa za basi. Basi linapanda Makambako, linazunguka Iringa, linashuka Kitonga ndipo lishike Mikumi na Morogoro. Ndege haina habari na Kitonga.

Shida, wanachuo wenzangu, ni kwamba mada yenyewe inashughulika na miji yenye longitudo moja au latitudo moja. Songwe na Dar haziko hivyo. Basi nikaanza upya ubaoni, jasho linanitoka. Uwanja wa Songwe uko karibu digrii 8.92 kusini na 33.27 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere uko 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 2.04. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo kuelekea kaskazini tunapata 226.

Upande wa mashariki ndiko tunakokosea wengi. Digrii ya longitudo haina urefu mmoja: kwenye ikweta ni 111, halafu inazidi kupungua hadi sifuri kwenye ncha za dunia. Kwa hiyo 5.93 mara 111 unazidisha tena kwa kosaini ya latitudo ya katikati, yaani digrii 7.9, ambayo ni 0.99. Jibu ni 652. Kwetu huku kosaini imekula kilomita sita tu, ndiyo maana ni rahisi kuisahau. Kwenye latitudo 60 ingekula nusu nzima.

Pythagoras anamalizia: kilomita 690.

Kwa safari ndefu, Pythagoras hafai, maana anadhani dunia ni bapa. Hapo unazidisha saini za latitudo mbili, unajumlisha na zao la kosaini zake na kosaini ya tofauti ya longitudo. Unachopata ni kosaini ya pembe iliyo katikati ya dunia. Kaskazini iwe chanya, kusini hasi. Kwa Songwe na Dar inatoa 691, au maili za baharini 373 kama marubani wanavyohesabu. Ndege yenyewe huzidisha kidogo, kwa sababu inaruka kufuata upepo na njia zilizopangwa.

Mhadhiri aliandika kwamba nimetoka nje ya andalio la somo. Alama zikapungua, na iliniuma. Kesho yake yule mwanafunzi akaniletea daftari, amepiga hesabu ya Dar hadi London. Alikuwa amesahau alama ya hasi.