Kabla ya Kuingiza Intaneti Nyumbani

Mkongo wa intaneti umefika katika mitaa mingi ya miji yetu, na familia zilizokuwa zikitegemea bando la simu sasa zinafungiwa ruta sebuleni. Watoto wanajisomea, akina mama wanafuatilia darsa, na wenye biashara ndogo wanapata wateja. Ni neema ya kushukuriwa. Lakini wazazi wengi huuliza bei ya mwezi tu, wakatia saini. Matokeo yake, wengine hulipia wasichokitarajia, na wengine hufungulia watoto wao mambo ambayo wasingeyaruhusu kupita mlangoni.

Tuanze na mkataba. Mtume (rehma na amani zimshukie) amekataza biashara yenye gharar, yaani ile isiyofahamika wazi kinachouzwa, kama ilivyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (Allah amridhie). Aya ya kwanza ya Suratul Maida nayo inawaamrisha waumini kutekeleza mikataba yao. Basi mwenye kujifunga kwa saini ni wajibu wake aulize mapema. Je, ruta itakuwa mali yetu au tumeazimwa? Gharama ya kufunga ni kiasi gani? Tukihama nyumba, au tukitaka kuacha huduma kabla ya muda, tutalipa nini? Na pale panapoandikwa "bila kikomo", je, kasi hupunguzwa baada ya matumizi kufikia kiwango fulani? Majibu yawe katika maandishi. Kwa walioko Tanzania, malalamiko yasiyotatuliwa na kampuni hupelekwa TCRA, na huko maandishi ndiyo ushahidi.

Jambo la pili ni kasi. Hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 20 kwa hiyo hupakua megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Video moja ya ubora wa HD huhitaji takriban megabiti 5. Nyumba yenye watu wanne wanaotazama kwa wakati mmoja inatoshwa na 20. Kulipia 100 bila haja ni israfu. Tuzingatie pia neno "hadi" katika matangazo: "hadi megabiti 20" ni kiwango cha juu, wala si ahadi ya kila saa.

Panapopita mkongo, huo ndio bora, kwa kuwa kasi yake haiyumbi sana. Ruta ya laini ya simu hutegemea mnara, na jioni watu wanapokuwa wengi hupungua nguvu. Njia nzuri ya kuchagua kampuni ni kuwauliza majirani wa mtaa huohuo hali ikoje baada ya Isha, na fundi hufika baada ya siku ngapi.

Ruta yenyewe iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi. Zilizo nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: ya 2.4 GHz hupenya kuta na kufika mbali, na ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini huishia karibu. Nyumba ya vyumba vingi inafaa ruta yenye yote mawili.

Siku ileile ya kufungiwa, tubadilishe nywila mbili: ya kujiunga na Wi-Fi, na ya kuingilia mipangilio ya ruta. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Kisha tuchague ruta inayoruhusu kupanga saa za matumizi kwa kila kifaa, ili simu za watoto zikatike usiku wapate kuamka Alfajiri. Ipo pia huduma ya bure ya Cloudflare, iliyoanza mwaka 2020, inayozuia tovuti za uchafu: fundi aandike 1.1.1.3 katika sehemu ya DNS, na nyumba nzima itakingwa.

Hata hivyo, kinga hiyo huishia kwenye ruta. Kijana akizima Wi-Fi na kuwasha bando lake, hakuna kilichomzuia. Mtume (rehma na amani zimshukie) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Ruta haichukui nafasi ya mzazi anayekaa na mwanawe, akamweleza kwa nini kitu hiki ni haramu, na yeye mwenyewe akaweka simu chini adhana inaposikika.

Mwisho, kutumia Wi-Fi ya jirani bila idhini yake ni kula mali ya mtu kwa batili. Tuwafundishe watoto kuomba ruhusa.

Tunamuomba Allah azifanye nyumba zetu ziwe za kheri. Wabillahi tawfiq.