Kiendeshi cha DVD na SSD katika kompyuta mpakato

Kiendeshi cha DVD na SSD ni vifaa viwili vya kompyuta mpakato ambavyo huweza kugombea nafasi moja. Cha kwanza husoma diski za CD na DVD kwa mwali wa leza, na mara nyingi huziandika pia. Cha pili hutunza data ndani ya chipu, bila sehemu yoyote inayozunguka. Mwenye kompyuta anaweza kuondoa kiendeshi cha DVD ili apate nafasi ya SSD, lakini uamuzi huo hutegemea kazi zake na mahali data zake zilipo.

Historia

CD iliingia sokoni mwaka 1982, ikiwa kazi ya pamoja ya kampuni za Philips na Sony. DVD ilifuata mwaka 1996. Kwa miaka mingi programu na filamu ziliuzwa katika diski hizo, hivyo kompyuta mpakato nyingi zilikuwa na kiendeshi chake. Mwaka 2008 Apple ilitoa MacBook Air isiyo na kiendeshi cha diski ndani. Mnunuzi aliweza kuichagua ikiwa na SSD ya gigabaiti 64. Kadiri programu zilivyozidi kupatikana kwa intaneti, watengenezaji wengine wengi waliacha pia kiendeshi hicho.

Tofauti

CD hubeba takriban megabaiti 700, na DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7. Kiendeshi kinachosoma DVD kwa kasi ya mara 8 hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde, ilhali SSD ya aina ya SATA huweza kupitisha zaidi ya 500. Ndiyo maana kompyuta ya zamani huwaka haraka zaidi mfumo wa uendeshaji ukihamishwa kutoka diski kuu inayozunguka kwenda SSD.

Hata hivyo, SSD huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na inaweza kufa ghafla na data zote. DVD ya kuandikwa mara moja haifutiki kwa bahati mbaya, ingawa huharibiwa na mikwaruzo, jua na joto.

Kubadilisha

Viendeshi vingi vya DVD vya kompyuta mpakato vina unene wa milimita 12.7 au 9.5. SSD ya inchi 2.5 hufungwa ndani ya fremu yenye unene uleule, kisha fremu huingizwa mahali pa kiendeshi. Katika baadhi ya kompyuta, njia ya data ya hapo ni ya polepole kuliko ya diski kuu. Hapo ni afadhali SSD ikae mahali pa diski kuu, na diski kuu ihamie kwenye fremu.

Kuchagua

Anayetumia diski kila siku, kama mpiga picha anayewapa wateja DVD za harusi, ana sababu ya kubaki na kiendeshi. Anayezitumia mara chache anaweza kununua kiendeshi cha nje cha USB na kuweka SSD ndani.

Kabla ya kuondoa kiendeshi, picha na kumbukumbu zilizo katika diski za zamani zinapaswa kunakiliwa, na nakala nyingine kuwekwa nje ya kompyuta hiyo. Diski zenyewe zisitupwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuhakikiwa.