Goma: Kutoa damu huchukua dakika chache, kuwaambia wa nyumbani ndiko kugumu

GOMA – Ni jambo la kawaida katika hospitali nyingi za Kongo: daktari akisema mgonjwa anahitaji damu, swali linalofuata haulizwi mgonjwa. Wanaulizwa waliomleta. Nani kati yenu atatoa? Hapo watu huanza kutazamana. Mjomba anakumbuka kwamba ana shinikizo la damu, mwingine anasema hajala tangu jana, na kijana aliye tayari kunyoosha mkono anautazama kwanza uso wa mama yake.

Katika mtaa wa Ndosho, tarafa ya Karisimbi, swali hilo si geni. Mtaa huu ulio upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Mugunga na Sake, una hospitali ya CBCA Ndosho, ya Wabaptisti, ambamo wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, wamekuwa wakiwatibu majeruhi wa vita tangu 2012. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 walipoingia mjini, majeruhi walikuwa wengi kuliko vitanda. Watu walilazwa kwenye korido na ndani ya mahema. Uwanja wa ndege ulifungwa, na kila kilichozoea kuja kwa ndege kikalazimika kutafuta njia nyingine.

Dawa, nyuzi za kushonea vidonda na mifuko ya kuhifadhia damu vinaweza kuagizwa kutoka mbali. Damu yenyewe haina kiwanda. Ile inayomwokoa mtu Ndosho imetoka kwenye mkono wa mtu mwingine, mara nyingi mkaazi wa Goma hii hii.

Na si majeruhi wa risasi peke yao wanaoihitaji. Wapo akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na watoto wa chini ya miaka mitano ambao malaria imewamaliza damu hadi viganja vikawa vyeupe. Vita vikitulia, makundi haya mawili hayapungui.

Saa moja ni kuchelewa

Tatizo la kungoja hadi ndugu augue ni muda. Kwa kawaida mtoaji hutoa takriban mililita 450. Kabla damu hiyo haijaingia mwilini mwa mgonjwa, lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende, kisha ilinganishwe na damu ya mgonjwa. Mama anayevuja damu baada ya uzazi anaweza kufa kabla kazi hiyo haijaisha. Ndiyo maana damu inayookoa kwa haraka ni ile iliyokwisha kutolewa siku zilizopita na mtu ambaye hakujua itamwendea nani.

Lakini haiwekwi akiba kama mchele. Damu nzima iliyotiwa dawa ya kuizuia isigande hudumu siku 35 kwenye jokofu. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu takriban siku 5 tu. Kwa hiyo watoaji wanatakiwa kila mwezi, si siku ya tarehe 14 Juni peke yake, ambapo dunia huwaadhimisha kwa hotuba na fulana.

Shirika la Afya Duniani linataka damu yote itoke kwa watu wanaojitolea bila malipo. Kituo cha damu cha jimbo la Kivu Kaskazini, ambacho wengi Goma wanakiita CPTS, kipo kwa ajili hiyo. Hata hivyo mzigo mkubwa bado unaangukia jamaa za wagonjwa, na jamaa ikikosa mtu, kuna wanaotafuta wa kumlipa. Hapo ndipo hatari inapoongezeka, kwa sababu anayetoa kwa ajili ya pesa ana sababu ya kuficha ugonjwa wake.

Hofu ya majibu

Ukiuliza kwa nini mtu mzima mwenye afya anatoa damu kwa siri au hatoi kabisa, sindano si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kile ambacho sindano inaweza kukifichua. Kutoa damu ni kupimwa magonjwa manne kwa mara moja. Mume akijitolea, mke atataka kujua majibu. Mke akijitolea, maswali ya mume huwa makali zaidi. Kijana aliyekwenda kutoa kwa ajili ya shangazi, kisha akarudi bila kutoa, tayari ameshahukumiwa na ukoo mzima, hata kama alikataliwa kwa sababu ndogo tu: uzito chini ya kilo 50, homa ya juzi, au damu yake mwenyewe kuwa pungufu.

Hili ndilo linalofaa kusemwa nyumbani kabla mtu hajaondoka. Kukataliwa si ugonjwa. Mjamzito hatoi, wala mama anayenyonyesha. Majibu ya vipimo ni ya mtoaji, na si halali mhudumu kuyatangaza mbele ya jamaa waliokaa kwenye benchi.

Kuna pia hofu ya zamani zaidi. Wazee wa pwani ya Kenya na Tanzania walisimulia habari za mumiani, watu waliodaiwa kukamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Katanga, enzi za Wabelgiji, walikuwapo batumbula, waliosemekana kuwakamata Waafrika kwa ajili ya Wazungu. Wanahistoria wameonyesha kwamba hadithi hizo zilienea zaidi pale ambapo serikali ya kikoloni ilichukua nguvu za watu bila kuwaeleza. Mama anayemuuliza mwanawe damu inapelekwa wapi, na nani anaiuza, anarithi swali lenye mizizi. Kumcheka hakusaidii. Kinachosaidia ni kumjibu: damu inapimwa, inaandikwa namba, inawekwa kwenye jokofu, inapewa mgonjwa. Na ikiwa jamaa wametozwa pesa, waelezwe ni za vipimo na mfuko, wala si bei ya damu.

Swali la chakula nalo lina haki yake. Katika nyumba inayokula mara moja kwa siku, mzazi akisema mtoto wake hana damu ya kugawa, hajakosea sana. Sehemu ya maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na zinahitaji madini ya chuma. Maharagwe, lengalenga, sombe na sambaza wa ziwani husaidia. Asiyevipata mara kwa mara afadhali asubiri.

Imani ni jambo jingine. Mashahidi wa Yehova hawapokei damu wala hawaitoi, na katika nyumba yenye waumini wa makanisa tofauti ni heri msimamo wa kila mtu ujulikane mapema kuliko kubishaniwa juu ya kitanda cha mgonjwa.

Na figo je?

Mazungumzo ya damu yanafungua mlango wa mengine mazito zaidi. Upandikizaji wa figo umesogea karibu na Goma. Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya wa kwanza Novemba 2017. Hospitali ya King Faisal ya Kigali ilianza 2023, na Mulago ya Kampala ikafuata Desemba mwaka huo huo, miezi michache baada ya Uganda kupata sheria ya kuchangia viungo. Katika hospitali hizi figo kwa kawaida hutoka kwa ndugu aliye hai. Mtu anaweza kuishi na figo moja, lakini huwezi kumpa kaka yako figo bila mkeo, wazazi na watoto kujua. Watakuuguza wao.

Kutoa kiungo baada ya kufa ni mbali zaidi kwa Goma. Figo au ini hutolewa mara nyingi kwa mtu ambaye ubongo umekufa huku mashine ya kupumulia ikiuweka mwili katika hali nzuri, na hapo pia zinahitajika timu ya upasuaji na maabara zilizo tayari usiku na mchana.

Lakini hata penye mashine, neno la jamaa ndilo huamua. Uingereza ilibadili sheria Mei 2020, mtu mzima akahesabiwa kuwa amekubali asipojiandikisha kukataa. Bado madaktari wa huko huzungumza na familia kwanza. Hispania ina sheria ya namna hiyo tangu 1979, na familia huulizwa. Sheria ya afya ya Kenya ya 2017 imekwenda njia ambayo mtu wa Ndosho angeielewa mara moja: anayetaka kutoa mwili au kiungo chake baada ya kufa anaweza kuandika, au kutamka tu kwa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Asiposema lolote, uamuzi unawashukia mwenzi wa ndoa, mtoto mkubwa, mzazi, mlezi, kisha ndugu.

Mashahidi wawili na neno la mdomo. Mahari na mashamba ya Masisi yamepangwa hivyo kwa vizazi. Tofauti ni kwamba kuhusu mwili wake mwenyewe mtu huona haya kuanza, kana kwamba kutaja kifo ni kukiita. Katika mji uliofunikwa na lava 2002, ukakimbiwa tena 2021 na kupigwa mabomu 2025, kifo hakingojei kuitwa.

Damu ni mahali pepesi pa kuanzia. Mwanamume aliyetoa leo anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Kundi lake la damu huandikwa kwenye kadi ndogo inayoweza kukaa pamoja na kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi hapa. Ikiwa ni O hasi, ambayo katika dharura inaweza kupewa karibu kila mtu lakini ni adimu katika nchi zetu, ni vyema kaka na dada zake nao wapimwe, kwa kuwa kundi la damu hurithiwa. Na hawatajua kuna la kupima ikiwa kadi hiyo imefichwa chini ya godoro.