Vita vya Mezani Gusii: Plastiki, Jiwe au Katoni?

Mchezo wa vita vya mezani, ule wa askari wadogo, rula na dadu, una bei mbili. Moja hulipwa kwa kadi ya benki au M-Pesa, nyingine hulipwa kwa jioni za mtu. Wengi wanaoanza hupiga hesabu ya kwanza tu, kisha boksi walilolipia pesa nyingi hukaa juu ya kabati mwaka mzima, askari wakiwa bado wamening'inia kwenye fremu za plastiki. Kwa mkazi wa Gusii, yaani Kisii au Nyamira, naona hesabu ya muda ndiyo itangulie. Ukiitanguliza, utaona kwamba jeshi linalokufaa halitoki Uingereza. Liko Tabaka, kijiji cha wachongaji wa jiwe la sabuni, na uwanja wake uko kwenye katoni tupu nyuma ya duka la jirani.

Mwingereza H.G. Wells alichapisha kitabu chake cha kanuni za mchezo huu, *Little Wars*, mwaka 1913. Askari wake walikuwa vitu vya watoto kutoka dukani, na vilima vyake vilikuwa mbao na vitabu vilivyopangwa sakafuni. Mchezo ulianza kwa vitu vilivyokuwamo nyumbani. Biashara kubwa ilikuja baadaye, na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, wenye Warhammer, ndiyo inayojulikana zaidi leo.

Tuanze na hao. Boksi moja la askari kumi wa plastiki wa Warhammer huuzwa Uingereza kwa takriban pauni 30 hadi 40. Pauni ikiwa karibu shilingi 170, boksi hilo ni kama shilingi 5,000 hadi 6,800 kabla halijapanda ndege. Majeshi mawili madogo ya kuanzia yanataka maboksi manne, tuseme shilingi 20,000 kwa makadirio ya chini. Ukifika Nairobi, mzigo hukutana na forodha. Bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25 au zaidi, kisha VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru. Zidisha mwenyewe: 20,000 zinakuwa 29,000, na bado hujaweka nauli ya mzigo wala ada nyingine ndogondogo. Rangi zake maalumu, vichupa vya mililita 12, ni karibu pauni 3 kila kimoja, na hakuna anayepaka jeshi kwa kichupa kimoja.

Halafu kuna muda. Askari mmoja wa aina hiyo hukatwa kwenye fremu, husuguliwa, huungwa kwa gundi, hupakwa rangi ya chini, kisha rangi zenyewe. Kwa asiye na mazoea, saa moja kwa kila askari ni makadirio ya huruma. Majeshi mawili ya askari ishirini ishirini yanakula saa arobaini kabla dadu haijarushwa. Na kanuni zenyewe hazitulii: Warhammer 40,000 ilitoa toleo jipya mwaka 2017, tena 2020, tena 2023, na kila mara kuna kitabu kingine cha kununua. Sisemi ni vitu vibaya. Ni vizuri mno kwa macho, na mwenye kipato na subira atavifurahia. Kwa mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, au mkulima anayeamkia majani chai, ni ununuzi mbaya.

Njia nafuu zaidi ya plastiki ni askari wa kipimo cha 1/72, wenye urefu wa sentimita mbili na kitu hivi. Boksi lenye takriban askari arobaini ni kama pauni 10. Hapo tatizo ni nauli, ambayo yaweza kushinda bei ya boksi lenyewe. Ukiwa na ndugu anayerudi likizo kutoka Uingereza au Marekani, mwagizie hao, kwa sababu maboksi mawili huingia begini bila shida.

Sasa huo muda tunautoa wapi? Kwetu wiki ina umbo lake. Nyumba nyingi za Kisii na Nyamira ni za Waadventista, na kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi hakuna meza ya mchezo. Faida yake ni kwamba Jumapili yao iko wazi, siku ambayo Wakatoliki wa kijiji hicho hicho wako kanisani asubuhi. Kundi lenye watu wa pande zote mbili lina nafasi moja ya uhakika, Jumapili alasiri. Mwenye chai hurudi shambani kila baada ya wiki moja au mbili, mapema, na kufikia alasiri majani yako kwenye kituo cha kununulia. Na alasiri ndipo mvua yetu inapopenda kushuka, karibu miezi yote ya mwaka, ikiwafungia watu ndani kwa saa mbili tatu. Hizo saa za mvua ndizo hazina ya mchezo huu Gusii. Kwa hiyo nunua mchezo unaoingia ndani ya mvua moja: unapangwa kwa dakika kumi, unachezwa kwa saa moja na nusu, unaondolewa chakula kikiwa tayari. Mchezo unaotaka meza ya futi sita kwa nne na saa tatu za kucheza hautachezwa, hata ukiwa umeulipia.

Kanuni fupi zipo. De Bellis Antiquitatibus, iliyotoka mwaka 1990, hutumia vikosi kumi na viwili tu kwa kila upande, kwenye uwanja wa sentimita 60 kwa 60, na mchezo huisha kwa kama saa moja. Ingawa ilitungwa kwa ajili ya vita vya kale, kipimo chake ni cha kuigwa: vipande kumi na viwili, ubao mmoja mdogo. Ubao wa ukubwa huo hukaa nyuma ya kochi.

Twende Tabaka. Jiwe la sabuni la huko ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na kisu, na hutoka ardhini likiwa jeupe, krimu, la waridi, la kijivu au jeusi. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko, ana sanamu yake ya ndege wa amani kwenye makao ya UNESCO mjini Paris. Lakini mtu wa mchezo wetu anatafuta kitu kidogo zaidi: seti ya sataranji. Kijijini, seti ya kawaida isiyo na nakshi nyingi hupatikana kwa kati ya shilingi 1,500 na 3,500 hivi, kutegemea ukubwa, ubora wa msasa na maongezi yako. Kwenye maduka ya watalii Nairobi bei hiyo hupanda haraka.

Tazama unachopata: vipande 32, pande mbili zenye rangi tofauti, vimekamilika. Saa za kupaka rangi ni sifuri. Wale wanane wa mbele pamoja na ngome na farasi wanakupa vikosi kumi na viwili. Mfalme ni kamanda, na watatu waliobaki ni bombomu au mizinga. Usiku usiotaka vita vya vilima, unacheza sataranji. Sijui ununuzi mwingine katika mchezo huu unaofanya kazi mbili kwa bei ya moja.

Ukitaka askari wenyewe badala ya vipande vya sataranji, agiza. Mweleze fundi kwa mchoro. Na hapa zingatia tabia ya jiwe: halipendi kitu chembamba. Bunduki iliyochomoza au mkuki uliosimama peke yake utavunjika siku ya kwanza mtoto akimwangusha askari. Omba askari mnene, mikono imebana kifua, bunduki imelala juu ya mwili kama mchoro wa kukwaruzwa, kitako kipana cha sentimita mbili. Askari wa urefu wa sentimita nne wa namna hiyo hafiki gramu 50, kwa hiyo jeshi la ishirini halifiki kilo moja. Hubebeka kwenye mfuko, na kila askari ana uzito unaoridhisha mkononi ambao plastiki haina.

Kabla ya kulipa, shika vipande kimoja kimoja. Sehemu kubwa ya kazi ya mwisho Tabaka hufanywa na wanawake, wakisugua kwa msasa na maji kwenye beseni, msasa mkali kwanza kisha laini, halafu nta. Jiwe likiwa limelowa hung'aa hata kama halijasuguliwa vizuri, kwa hiyo tazama likiwa kavu. Pitisha kucha chini ya shingo na kwenye kona za kitako, maana mikwaruzo hujificha hapo. Tafuta pia mstari mwembamba wa rangi tofauti unaokata kipande kutoka upande hadi upande, kwa sababu mara nyingi ndipo kitakapopasukia. Na ukitaka kurekebisha kitu nyumbani, sugua ukiwa umelowesha na ufunge pua na mdomo. Vumbi la jiwe hilo si la kuvutwa kifuani, na wachongaji wenyewe ndio wanaoumia kwalo zaidi.

Karatasi ndiyo rahisi kuliko vyote. Manila ya shilingi 20 au 50, kurasa chache zilizochapwa saibani, mkasi na gundi, na jioni moja hukupa askari arobaini waliosimama kwa kukunjwa. Unyevu wetu huwapinda baada ya miezi kadhaa. Kwa mwanafunzi au kwa anayetaka kujaribu kanuni kabla ya kutumia pesa, sioni sababu ya kuanza na kitu kingine. Udongo siupendekezi: hukauka polepole, hupasuka, na wakati wa mvua utasubiri siku nyingi.

Kuhusu uwanja, hapa ndipo Gusii ina utajiri wa bure. Vilima vya povu vya kununua ng'ambo ni vikubwa na vyepesi, maana yake unalipia nauli ya hewa. Povu hilo hilo jeupe huja na kila televisheni inayouzwa mjini Kisii na hutupwa. Hata hivyo mimi nachagua katoni, na sababu yake ni ya kijiografia. Ramani za Kenya za 1:50,000, zile zile zinazotumiwa shuleni kwenye somo la jiografia, zina kontua za mita 20. Chukua kipande cha ramani cha sentimita 6 kwa 6, yaani kilomita tatu kwa tatu. Kichoree viboksi vya sentimita moja, kisha uchore upya kila kiboksi kikiwa cha sentimita kumi kwenye ubao wako wa 60 kwa 60. Kipimo sasa ni 1:5,000, na mita 20 za mlima zinakuwa milimita nne. Milimita nne ni unene wa katoni ya kawaida. Kila kontua ni tabaka moja la katoni, na kilima cha mita 200 ni matabaka kumi. Vilima vyako vinakuwa vya kweli, kwa urefu na kwa mteremko.

Gharama yake ni kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa seremala, gundi nyeupe ya mbao, wembe wa kukatia na robo lita ya rangi. Yote haifiki shilingi 1,000. Usitumie uji wa ngano kuunganisha matabaka, maana huvutia mende na panya na huota ukungu kwa mvua zetu. Weka mawe juu ya matabaka usiku kucha yasipinde. Unga wa mbao uliochanganywa na rangi ya kijani hutosha kuwa nyasi. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, yakikaushwa vizuri, ni vichaka bora kuliko vinavyouzwa, na Nyamira haiwezi kuyakosa. Hesabu jioni tatu au nne za kazi, ambazo zaweza kugawanywa kwa wiki kadhaa, na watoto wakishika mkasi wa karatasi huku wewe ukishika wembe.

Vita vya kuweka juu yake tunavyo. Tarehe 12 Septemba 1914, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Wells, jeshi la Wajerumani lililokuwa limevuka mpaka na kuingia Kisii lilipambana na kombania tatu za King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza, zilizotokea upande wa ziwa. Walipigana kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Kapteni Thorneycroft wa KAR aliuawa, na baada ya mapigano pande zote mbili ziliondoka. Kombania tatu, vipande vinne kila moja: hao ni wale kumi na wawili wako. Wajerumani waongezee vichache, kwa sababu walikuwa wengi zaidi. Kwenye ubao wa vita hivi usiweke mashamba ya chai hata kama yanapendeza, kwani chai ya wakulima wadogo ilikuja Gusii miaka mingi baadaye. Weka wimbi, na nyumba za mviringo zilizoezekwa nyasi.

Ukiwa Tabaka kuagiza, ongeza vipande vinane vya rangi ya tatu, ya waridi kwa mfano. Hivyo ni vya Abagusii, na vina mchezaji wao. Majeshi yale mawili yalipoondoka, wenyeji waliingia kwenye ofisi za serikali, maduka na misheni ya Nyabururu wakachukua vilivyokuwamo. Waingereza waliporudi waliwaadhibu kwa kuwatoza ng'ombe, na wanaume wengi wa Gusii walipelekwa kuwa wapagazi wa vita. Michezo mingi ya namna hii iliyochapishwa ng'ambo huwaweka wenyeji kama mapambo ya uwanja. Gharama ya kuwapa vipande vyao ni ndogo, na huongeza kiti kimoja mezani kwa yule ndugu wa tatu ambaye kwa kawaida hukaa akitazama wawili wakicheza.