Theluji ya Msimu Hushuka kwa Siku Mbili

Novemba inapokaribia, wapo watu mashariki mwa Marekani wanaokaa chini na kuorodhesha miji: Boston, New York, Philadelphia, Baltimore, Washington, Buffalo. Mbele ya kila mji wanaandika namba moja kwa inchi, hadi sehemu ya kumi ya inchi. Hiyo ni theluji yote ambayo mji huo utapata mpaka baridi iishe. Hakuna mkeka wala fedha. Wengi wao hawalipwi na mtu kuangalia anga. Ni wapenzi tu wa hali ya hewa, wale ambao wakisikia dhoruba inakuja hawalali.

Masika ya huko yakifika, namba rasmi za vituo hutolewa na hesabu huanza. Ukikisia inchi 40 na zikaanguka 25, umekosea kwa 15. Ukikisia 10, umekosea kwa 15 vilevile. Makosa ya miji yote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wenzake ndiye bingwa. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu, kwa hiyo mtu anaweza kukosea kwa kimo cha mtoto mzima na bado akashinda.

Ugumu wa jambo lenyewe unaonekana ukitazama namba za bustani ya Central Park, katikati ya New York. Msimu wa 2018-19 zilianguka inchi 20.5. Uliofuata, 4.8. Kisha 38.6, kisha 17.9, kisha 2.3, ambayo ni ndogo kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa pale katika karne ya 19. Wastani wa miaka thelathini, 1991 hadi 2020, ni 29.8, na katika misimu hiyo mitano hakuna hata mmoja ulioukaribia. Philadelphia ni balaa zaidi: inchi 78.7 msimu wa 2009-10, na 0.3 msimu wa 2022-23. Yaani mji uleule, mtaa uleule, mwaka mmoja magari yanafukiwa na mwaka mwingine theluji haitoshi kuficha majani.

Sasa chukua msimu wa 2015-16, ambao kwangu ndio unaofundisha kuliko yote. Pasifiki ilikuwa na El Nino kali, mojawapo ya zile kubwa kabisa zilizowahi kupimwa. Desemba ya New York ilikuwa ya joto la ajabu. Mkesha wa Krismasi watu walitembea na fulana, nyuzi 22 za Selsiasi. Aliyekuwa amekisia theluji kidogo alikuwa anacheka. Kisha ikaja dhoruba ya tarehe 22 hadi 24 Januari, na Central Park ikapata inchi 27.5, karibu sentimita 70, sehemu kubwa yake ndani ya Jumamosi moja. Msimu mzima uliishia na 32.8. Toa dhoruba ile moja, zinabaki inchi tano na ushee.

Ni kama timu inayomaliza ligi na mabao thelathini na mbili, ishirini na saba kati ya hayo ikiwa imeyafunga katika mechi moja. Utaikisia vipi timu ya namna hiyo mwezi mmoja kabla ligi haijaanza?

Dhoruba hizi huzaliwa pwani. Baridi ya Kanada inashuka kutoka kaskazini, maji ya Atlantiki bado yana joto, na mahali vinapokutana hewa huinuka, huzunguka na kumwaga unyevu. Zinapanda kuelekea kaskazini-mashariki zikiambaa na ufuko, na miji mikubwa yote imejipanga kwenye njia hiyo. Kitovu kikipita karibu mno na nchi kavu, upepo wa bahari huingiza joto na mji hupata mvua. Kikipita mbali mno, mji hauoni kitu. Upo mkanda mwembamba katikati ambako theluji humiminika, na upana wake mara nyingi ni makumi machache tu ya kilomita. Tena hewa ya juu ikiwa nyuzi moja chini ya sifuri, kinachoshuka ni theluji. Ikiwa nyuzi moja juu, ni maji ya barabarani. Hata kiasi kilekile cha maji hakitoi kimo kilekile: kwa kawaida inchi moja ya maji huleta kama kumi za theluji, lakini hewa ikiwa baridi na kavu zinaweza kufika ishirini, na theluji ikiwa tepetepe zikaishia tano.

Wataalamu wenye kompyuta kubwa huteleza hapo hapo, na wao hutabiri siku moja mbele, si miezi minne. Januari 2015 New York iliambiwa ijiandae kwa futi mbili au zaidi. Treni za chini ya ardhi zilisimamishwa, barabara zikafungwa. Dhoruba ikasogea mashariki kidogo, na Central Park ikapata inchi 9.8. Mkuu wa ofisi ya hali ya hewa inayohudumia Philadelphia, Gary Szatkowski, aliomba radhi hadharani kwenye Twitter, jambo ambalo watabiri wa serikali hawalifanyi kila siku. Upande wa Boston, dhoruba ileile ilimwaga zaidi ya futi mbili, na huo ulikuwa mwanzo tu. Februari peke yake iliongeza inchi 64.8. Mji ambao hadi wiki ya tatu ya Januari ulikuwa haujaona hata inchi nane, ulimaliza msimu na 110.6, zaidi ya mita mbili na robo tatu. Rundo la theluji lililokusanywa na malori kwenye kiwanja kimoja karibu na bandari liliyeyuka lote katikati ya Julai, watu wakiwa tayari wamevaa kaptura.

Basi hawa wapenzi wanategemea nini wanapoandika namba zao Novemba? Wanaanza na Pasifiki. El Nino huupa nguvu mkondo wa upepo wa juu unaokatiza kusini mwa Marekani, na hivyo dhoruba za pwani huongezeka. Kama baridi itakuwepo ya kuzipokea, hilo ni suala jingine. La Nina, iliyo kinyume chake, kwa kawaida huwapendelea walio kaskazini zaidi. Kisha wanatazama hewa ya Aktiki: kanieneo ikipanda juu ya Greenland na kushuka kusini mwake, baridi ya ncha ya dunia hufurika kuelekea mashariki mwa Marekani na kukaa. Msimu wa 2009-10 ulikuwa hivyo kwa kiwango kisichozoeleka, na Baltimore ikapata inchi 77, Washington 56. Boston, ambayo kila mtu angedhani ndiyo itakayozama, ilipata chini ya wastani wake, kwa kuwa dhoruba ziligeukia baharini kabla ya kuifikia.

Wengine hutazama Siberia. Mtafiti Judah Cohen amejenga hoja kwamba theluji ikitanda haraka huko mwezi Oktoba, mzunguko wa hewa baridi juu ya Ncha ya Kaskazini hudhoofika baadaye, na Marekani mashariki ikaumia. Ipo misimu iliyomwunga mkono na ipo iliyomwangusha, na wanasayansi wenzake bado wanabishana. Hata hivyo ni afadhali kuliko viwavi wenye manyoya, ambao upana wa mkanda wao wa kahawia unasemekana kutabiri baridi. Mwaka 1948 Howard Curran wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York alianza kuwakusanya viwavi hao na kuwapima, na umaarufu wao haujaisha mpaka leo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: mbona sisi El Nino ikitajwa tunaandaa mifereji? Kwa sababu mvua zetu za vuli huisikiliza bahari kwa karibu zaidi. Joto la Pasifiki na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi huathiri eneo pana, kwa miezi, na mvua hujikusanya kwa siku nyingi badala ya mkupuo mmoja. Mwaka 1997 vyote viwili viliungana na mafuriko yakafuata. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha ICPAC, Nairobi, hutoa mwelekeo wa msimu kwa kusema uwezekano: juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani. Kwa vuli utabiri huo una uzito kweli. Kwa masika marefu ya Machi hadi Mei ni mgumu zaidi. New York haina bahati ya kuwa na msimu wa aina ya vuli yetu.

Lipo pia suala la rula. Theluji hupimwa juu ya ubao uliopakwa rangi nyeupe, kila baada ya saa sita, kisha ubao unafutwa na kurudishwa juu. Ukisubiri siku nzima, theluji hujikandamiza na unasoma pungufu. Katika dhoruba ileile ya Januari 2016, wapimaji wa uwanja wa ndege wa Reagan jijini Washington walipotewa na ubao wao chini ya theluji. Waliandika inchi 17.8, wakati uwanja wa Dulles, safari fupi ya gari kutoka hapo, uliandika 29.3. Wenyeji waliona uwanja umewadhulumu, na uchunguzi ukafanyika. Central Park nayo mwanzoni ilitangazwa kupata 26.8, sehemu moja ya kumi pungufu ya rekodi ya 2006. Miezi michache baadaye ikagundulika kulikuwa na hitilafu ya mawasiliano, ikawa 27.5 na rekodi ikavunjika. Kwenye mashindano yenye kuhesabu sehemu za kumi, mambo kama haya huvunja urafiki.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu inayowashinda hata wajuzi wa anga. Tuseme misimu mitatu ilileta inchi 10, 15 na 65. Wastani ni 30. Ukikisia 30 kila mwaka, makosa yako yatakuwa 20, 15 na 35, jumla 70. Ukikisia 15, yaani namba ya katikati, utakosea 5, sifuri na 50: jumla 55. Misimu michache mikubwa huuvuta wastani juu, kwa hiyo kwa kanuni za mchezo huu mwenye kushika namba ya katikati humzidi mwenye kushika wastani, hata kama hajui Siberia iko wapi.

Namba ya katikati ina nguvu nyingine. Mwaka 1907 mwanasayansi Francis Galton alichapisha makisio 787 ya uzito wa ng'ombe dume kwenye maonyesho ya mjini Plymouth, Uingereza. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Mizani ilisema 1,198. Katika chuo cha MIT, karibu na Boston, Frederick Sanders aliendesha kwa miaka mingi mashindano ya kutabiri hali ya hewa ya kila siku, akaona kwamba kisio la pamoja la kundi huwapita karibu wote waliolitengeneza.

Lakini aliyebandika kisio la kundi hawi bingwa. Atakuwa wa pili, wa nne, wa tatu, kila mwaka, kwa sababu daima yupo mmoja aliyejitenga na wenzake na mwaka ukaenda upande wake. Mtu ambaye angeandika 5 kwa New York Novemba 2022 angechekwa, na angekosea kwa inchi 2.7 tu, wakati mshika wastani alikosea kwa 27.5. Mtu huyohuyo, na 5 yake ileile, miaka miwili kabla angekosea kwa 33.6.