Lenzi za Plastiki: Kinga ya Jicho

Wazazi wengi wakiambiwa kwamba lenzi za miwani ya mtoto wao ni za plastiki, hudhani wamepewa kitu duni kuliko kioo. Sivyo. Kioo kikipigwa na jiwe chaweza kupasuka, na vipande vyake vikatoboa jicho. Plastiki iitwayo polikabonati huhimili pigo kubwa zaidi. Kwa hiyo inawafaa sana watoto, na pia mtu aliyebakiwa na jicho moja tu linaloona.

Je, lenzi hizo hutengenezwaje? Kiwandani, punje za polikabonati hukaushwa kwanza saa tatu au nne katika joto la nyuzi 120 hivi, kwani unyevu kidogo tu huleta michirizi na kuidhoofisha lenzi. Kisha huyeyushwa katika joto la karibu nyuzi 300, na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kama sisi wauguzi tusukumavyo dawa kwa bomba la sindano. Chuma hicho hung'arishwa sana, maana mkwaruzo wake wowote utaonekana katika kila lenzi. Plastiki ikipoa husinyaa. Hivyo mashine huendelea kuikandamiza mpaka igande, ili lenzi isipinde na kupotosha tunachokiona.

Polikabonati ina udhaifu mmoja: haivunjiki upesi, lakini huchubuka upesi. Ndiyo maana hupakwa utando mgumu, nao unahitaji kutunzwa:

1. Osheni miwani kwa maji safi na sabuni kidogo kabla ya kuifuta. Vumbi kavu hukwaruza kama msasa.
2. Futeni kwa kitambaa laini na safi, si kwa pindo la kanga au shati.
3. Msitumie petroli wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha.
4. Msiilaze miwani lenzi zikigusa meza.

Mnaponunua miwani, ulizeni lenzi ni za nini. Wanaoponda kokoto au kusaga vyuma wavae miwani ya kazi inayofunika na pembeni, kwani miwani ya kusomea haitoshi.

Na jicho likichomwa na kitu, msilisugue, msikichomoe kitu hicho, wala msitie dawa ya kienyeji. Lifunikeni bila kulikandamiza, mkamwahishe mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Kesho yaweza kuwa kuchelewa.