Gari la mkononi

Gari la mkononi ni jina linalotumika Tanzania kwa gari ambalo limekwisha kusajiliwa na kutumika nchini, kisha mwenye nalo analiuza kwa mtu mwingine. Hutofautishwa na gari la kuagiza. Hilo nalo kwa kawaida limetumika tayari, ila lilitumika ng'ambo, hasa Japani, na bado halijapewa namba za Tanzania. Biashara hii inajulikana kwa malalamiko: mnunuzi husema "amepigwa", na muuzaji husema ameuza kwa bei ya kutupa. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli juu ya gari lilelile. Makala hii inaeleza hasara hiyo inatokea wapi, kwa mifano kutoka jiji la Arusha na mitaa yake ya makazi kama Kwa Mrombo.

Mahali pa biashara

Kwa Mrombo ni eneo la kusini mwa jiji la Arusha, upande wa Muriet. Neno Mrombo humaanisha mtu wa Rombo, mkoani Kilimanjaro. Ni mtaa wa watu wa kawaida: wafanyakazi, wenye maduka, madereva, mafundi, na wageni wanaofuata nyama choma jioni. Katika mitaa ya namna hii gari la mkononi haliuzwi sana kwenye yadi. Huuzwa kwa kibao cha "INAUZWA" kilichobandikwa kwenye kioo, kwa picha zinazozungushwa kwenye makundi ya simu, au kwa maneno ya fundi anayejua kuwa mteja wake fulani amechoka na gari lake.

Mji wenyewe una tabia zake kuhusu magari. Arusha ni kituo cha utalii wa kaskazini, kwa hiyo Land Cruiser na Land Rover ni nyingi kuliko katika miji mingi ya nchi. Oktoba 2024 lilifanyika hapo tamasha la Land Rover. Magari ya familia, hata hivyo, ni yaleyale yanayoonekana Tanzania nzima: Toyota IST, Vitz, Passo, Raum, Noah, RAV4. Sababu si mapenzi tu. Gari ambalo spea zake zinapatikana kila mji na kila fundi analijua huuzika haraka. Gari la Ulaya lenye hadhi kubwa zaidi linaweza kukaa miezi bila mteja, kwa sababu mnunuzi anajua taa moja ikiwaka kwenye dashibodi atatafuta fundi mwenye kompyuta.

Magari yalivyokuwa bidhaa ya kila mtu

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuingiza gari kulidhibitiwa na serikali, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Tangu hapo magari yaliyotumika yaliongezeka, mengine yakipitia Dubai. Baadaye, kwa kukua kwa intaneti, mtu aliye Arusha aliweza kuchagua gari lililoegeshwa Japani na kulilipia benki. Japani inafaa kwa sababu huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, na usukani uko kulia.

Jambo hili si la Tanzania pekee. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na zaidi ya nusu yalikwenda Afrika. Nchi za Afrika Mashariki zimechukua njia tofauti. Kenya hairuhusu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda ilipiga marufuku magari yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo. Ilichagua kulitoza zaidi gari lililozeeka.

Hesabu ya gari kabla ya kufika Arusha

Ili kuelewa bei ya gari la mkononi ni lazima kuanza na bei ya gari la kuagiza, maana ya kwanza hufuata ya pili. Chukua mfano wa gari dogo la miaka zaidi ya 10, lenye injini kati ya sentimita za ujazo 1,000 na 2,000, ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi bandari ya Dar es Salaam ni dola 3,000. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 750. Juu ya jumla hiyo ya 3,750 huwekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa sababu ya umri. Mwisho huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya vyote. Jumla ya kodi hizi inafika takriban dola 2,974, karibu sawa na gari lenyewe. Hapo bado tozo ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili, bima, mafuta na dereva wa kulileta Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 600.

Kosa la kawaida la anayeagiza mara ya kwanza ni kuamini kuwa kodi itahesabiwa kwa bei aliyolipa. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, na aliyebahatika kupata gari kwa bei chee Japani anaweza kukuta limekadiriwa juu zaidi. Akiwa hana fedha ya nyongeza, gari hubaki bandarini na gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku.

Kuna pia dola. Katikati ya 2024 dola moja ilizidi shilingi 2,600. Kufikia Desemba mwaka huohuo ilikuwa imekaribia 2,400. Gari la mfano wetu, pamoja na kodi zake nne, lingegharimu kama shilingi milioni 15.5 kwa kiwango cha kwanza na milioni 14.3 kwa cha pili. Aliyelipa katikati ya mwaka na kuuza mwishoni alikuwa amepoteza zaidi ya milioni moja bila gari kuguswa na mtu. Mnunuzi wake hakumdhulumu. Alifungua simu tu akaona bei ya kuagiza jingine.

Kodi hizo kubwa zina upande wa pili ambao husahaulika. Kwa kuwa kila gari linaloingia limebeba kodi, gari lililomo nchini hushika bei kwa muda mrefu. Gari ambalo Japani halina tena soko, Arusha bado ni mali. Kisichorudi ni vile vitu vidogo: wakala, bima, tairi mpya, betri, redio, rangi iliyopigwa upya. Muuzaji huvihesabu vyote, mnunuzi havioni.

Limau na kimeo

Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, baada ya kukataliwa na majarida matatu. Kwa Kiingereza cha Marekani gari bovu lililofichwa ubovu wake huitwa "limau"; Watanzania wangesema kimeo. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zima na hutoa bei ya kubahatisha, iliyo kati ya zima na bovu. Kwa bei hiyo mwenye gari zima anaona bora akae nalo. Mwenye kimeo anaona amepata. Magari mazima yanapungua sokoni, vimeo vinabaki, na wanunuzi wanapolijua hilo hushusha bei tena. Mwaka 2001 Akerlof alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Hoja hii inafafanua jambo linalowaumiza wauzaji waaminifu wa Kwa Mrombo kama wa kwingineko. Mtu aliyebadilisha oili kwa wakati kwa miaka mitano hawezi kulithibitisha hilo kwa mgeni. Analipwa bei ya mtu mwongo. Kitu pekee kinachomsaidia ni ushahidi: risiti za matengenezo, fundi mmoja aliyelihudumia gari muda wote, na jirani anayemfahamu. Ndiyo maana magari mengi mazuri huuzwa ndani ya ukoo, kanisani, msikitini au kazini, wala hayafiki kamwe kwenye kibao cha "INAUZWA".

Dalali

Kati ya pande mbili zisizoaminiana husimama dalali. Huwa anajua nani anauza na nani ana fedha, na kazi hiyo ni halali. Tatizo ni cha juu, yaani kiasi anachoongeza kwa siri juu ya bei ya mwenye gari. Mwenye gari akitaka milioni 10, mnunuzi anatajiwa 11 na nusu, na dalali anahakikisha wawili hao hawaongei bei uso kwa uso. Wakikutana baadaye kubadilisha jina la kadi, ukweli hutoka, na kila mmoja anaondoka akihisi kuibiwa. Pengine madalali ni wawili au watatu, kila mmoja na cha juu chake.

Maradhi yasiyoonekana

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Mafundi wazoefu huziamini kidogo, wakaangalia kanyagio la breki lililolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea. Namba za usajili nazo husomwa kama umri: watu husema gari "ni namba C" au "namba D" kwa kufuata herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho. Herufi hiyo huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa, na tofauti inaweza kuwa miaka kumi na zaidi.

Injini hupimwa ikiwa ya baridi. Muuzaji anayejua kasoro huiwasha kabla mnunuzi hajafika, kwa hiyo boneti ya moto saa moja asubuhi ni habari tosha. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai inasaidia hapa, ingawa mvuke mweupe wa asubuhi si ugonjwa. Moshi wa bluu humaanisha injini inakula oili. Mweusi, mafuta yanaingia kupita kiasi. Uji mweupe chini ya kifuniko cha oili unaashiria maji yamechanganyika na oili, na matengenezo yake yanaweza kula sehemu kubwa ya bei ya gari. Fundi wa kukagua anapaswa kuwa wa mnunuzi. Aliyeletwa na dalali atalipwa na dalali.

Kadi

Hasara kubwa kuliko zote haitokani na injini bali na karatasi. Kadi ya gari hutolewa na TRA, na jina lililomo ndilo linalotambuliwa kuwa la mmiliki. Magari mengi yamepita kwa watu wawili au watatu bila kubadilishwa jina ili kukwepa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Mnunuzi wa mwisho hubaki na mikataba ya mauziano iliyoungana kama mnyororo, na pete moja ikikosekana, kwa mfano mmiliki wa kwanza akifariki, anajikuta akishughulika na warithi.

Kadi inaweza pia kuwa rehani kwa mkopeshaji huku muuzaji akidai imepotea. Kupitia upya kumbukumbu za gari TRA, kuangalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, na kuhakiki bima kwa namba ya gari ni kazi ya nusu siku. Zamani ilikuwepo pia ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo ilijilimbikiza hata kwa gari lililokufa uani. Ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Arusha ina hatari yake nyingine, Namanga. Gari lenye namba za Kenya huingia kwa kibali cha muda. Likiuzwa upande huu bila kulipiwa ushuru, bei yake inavutia, lakini linaweza kukamatwa, na aliyelinunua hana pa kudai ila kwa muuzaji aliyekwisha vuka mpaka.

Muuzaji naye

Anayeuza kwa shida ndiye anayepoteza zaidi. Ada za shule, ugonjwa na msiba havisubiri mteja mzuri, na mnunuzi mwenye fedha taslimu huisikia haraka hiyo kwenye sauti. Mwaka 2020 hali hiyo iliupata mji mzima: watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi karibu 620,000. Magari ya safari yaliegeshwa, na waliolazimika kuuza walikuta wanunuzi wao wa kawaida wanauza pia.

Muuzaji asiyehamisha jina hujiwekea mtego mwingine. Picha ya tochi ya barabarani, ajali, au gari kukutwa kwenye uhalifu vyote humrudia mwenye jina kwenye kadi, ingawa aliuza mwaka juzi.

Sheria inavyosema

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) inamlinda mnunuzi kuhusu umiliki: asiye na mali hawezi kumhamishia mwingine. Kuhusu ubora ulinzi ni mdogo. Mtu binafsi asiyefanya biashara ya magari habanwi kama mfanyabiashara, na kasoro ambazo ukaguzi ungezifichua haziwezi kudaiwa na mnunuzi aliyekagua. Uongo wa makusudi ni jambo jingine, kwani kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Lakini lazima uongo uthibitishwe, na mazungumzo mengi ya bei hufanyika kwa mdomo, kando ya gari, boneti ikiwa wazi. Mkataba wenye maneno "gari limeuzwa kama lilivyo", uliosainiwa mbele ya wakili, humfungia mnunuzi sehemu kubwa ya mlango huo, na wengi huusaini bila kuusoma mstari huo.